Mafahali wawili kwenye shavu moja: mipangilio mitatu ya kutunza uso kwa jua la Tanga

Wiki iliyopita aliingia binti mmoja dukani kwangu hapa Ngamiani, akafungua mkoba, akanipangia chupa tano juu ya meza ya kioo. Seramu ya vitamini C, retinoli, niasinamidi, asidi ya glaikoliki na kijibomba cha benzoili peroksaidi. Zote mpya, zote kaziagiza Dar kwa simu. "Shikamoo dada. Nianze na ipi? Au napaka moja juu ya nyingine, zote?"

Nikaitikia, kisha nikamuuliza losheni ya kukinga jua iko wapi. Akacheka. Hakuwa nayo. Nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga nimtazame uso: chunusi mbili tatu kidevuni, na mashavuni madoa meusi ya chunusi zilizopona zamani. Basi. Kwa hayo tu kabeba silaha za kuiteka Mombasa.

Swali lake naulizwa karibu kila siku, na wengi hawaulizi kipi kizuri. Wanauliza kipi kinakaa na kipi. Kwa hiyo nitaiweka ubavu kwa ubavu mipangilio mitatu ambayo wateja wangu wanaitumia kweli, niseme kila mmoja unamfaa nani na unamkosesha nani. Na niseme mapema kipimo changu, usije ukadhani napima nguvu. Mimi napima ni upi utakaouvumilia kwa wiki 12 bila uso kuwaka. Dawa hizi haziwahi: ngozi huhitaji takriban mwezi mmoja kujibadilisha, na madoa huchukua miezi miwili mitatu ndipo uone tofauti ya maana.

Kwa nini kuwashwa ni hasara kubwa kwetu

Mtu mweupe akiunguzwa na asidi hubaki mwekundu siku tatu nne, kisha yakaisha. Ngozi nyeusi ikiudhiwa, iwe kwa chunusi, kwa kucha au kwa krimu, chembe zake hutoa rangi zaidi pale pale palipoumia. Chunusi inapona wiki moja, doa linakaa miezi. Kwa hiyo mtu anayetumia vitu vikali kuondoa madoa, akajichubua, anaongeza kile kile alichokuja kukiondoa.

Hili nalijua kwa shavu langu mwenyewe. Mwaka juzi ilikuwa imebaki wiki mbili binamu yangu aolewe, nami nikataka ning'ae. Nikapaka glaikoliki, ikakauka, juu yake retinoli, usiku ule ule, siku nne mfululizo. Usiku wa kwanza hakuna kitu. Siku ya nne natawadha Alfajiri, maji yaliponigusa uso nikaruka, utadhani beseni lina pilipili. Kufika Adhuhuri ngozi kando ya pua ilikuwa imekaza na kumetameta kama ganda la kitunguu, na jioni ikaanza kubanduka. Harusini nilipakwa poda ya kufunika ya vidole viwili. Shangazi yangu akanitazama akasema, "Mwanangu, wewe umepauka au umepakwa?" Madoa ya kahawia yaliyobaki nilikaa nayo zaidi ya miezi minne.

Hakuna kemia ya kutisha iliyotokea pale. Glaikoliki ililegeza tabaka la juu la ngozi, na retinoli ikapita ndani kwa wingi kuliko ilivyotakiwa. Mafahali wawili, zizi moja, na zizi lenyewe ni shavu.

Mpangilio wa kwanza: vitamini C asubuhi, retinoli usiku

Huu ndio unaosifiwa sana, na sifa zake ni za kweli. Vitamini C husaidia kupunguza rangi ya madoa, na mchana hufanya kazi bega kwa bega na losheni ya jua kwa kuzima sehemu ya madhara ambayo miale huyaanzisha ndani ya ngozi. Retinoli huharakisha ngozi kujivua na kujenga mpya, huzibua vinyweleo, hupunguza mikunjo. Kuzitenganisha asubuhi na usiku si ushirikina. Vitamini C safi, yaani asidi askobiki, hupenya vizuri ikiwa chachu sana, pH chini ya 3.5, na uchachu huo peke yake hutosha kuwasha. Retinoli nayo huwasha kwa njia yake. Ukizipa zamu, ngozi inapumua.

Tatizo la kwanza ni la Tanga. Vitamini C haipendi joto, mwanga wala hewa. Chupa ikikaa kwenye rafu chini ya bati, mwezi wa pili mji unapochemka, inaharibika kabla hujafika nusu. Itazame rangi: ikiwa kama maji au manjano ya kufifia, sawa, ikifika rangi ya chai ya rangi, mwaga. Nunua chupa ndogo yenye kioo cheusi au cha kahawia, iweke ndani ya friji au kwenye kabati la chumba chenye kivuli, usiiache bafuni. Asilimia 10 hadi 15 zinatosha. Zaidi ya 20 hupati faida, unapata mwasho.

Tatizo la pili ni la kila mahali: retinoli inahitaji subira, na sisi subira tunaisifia zaidi kuliko kuitumia. Anza usiku mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi kavu. Ngozi ikiwa nyepesi kuudhika, tanguliza losheni laini, kisha retinoli, kisha losheni tena. Wiki za mwanzo utabanduka kidogo, na chunusi zinaweza kutoka kwa wingi kabla ya kutulia. Kubanduka kidogo ni kawaida. Kuungua si kawaida, pumzika. Na usichanganye retinoli na tretinoini. Retinoli ngozi huibadilisha kwa hatua mbili ndipo ifanye kazi. Tretinoini imekwisha kufika mwisho wa safari hiyo, ndiyo maana ni kali, ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Nimeona inauzwa mkononi kama pipi. Usinunue hivyo.

Jambo lisilo na mjadala: mwenye mimba au anayeitafuta asiguse retinoli, tretinoini wala adapalini, ndugu yao wa kutibu chunusi. Nauliza kila mteja. Kuna wanaonuna, nawaacha wanune.

Unamfaa nani? Anayekaa ndani mchana, ofisini au darasani, mwenye umri wa kuanza kuona mikunjo, mwenye uwezo wa kununua losheni ya jua kila mwezi bila kukatiza. Asiye na hili la mwisho ausahau mpangilio huu mpaka mambo yakae sawa.

Mpangilio wa pili: niasinamidi na asidi ya azelaiki

Hizi hazina jina mtandaoni kama zile, na ndizo ninazozitoa zaidi. Niasinamidi ni vitamini B3. Huzuia rangi isipande kutoka kwenye chembe zinazoitengeneza hadi juu ya ngozi, hupunguza mafuta, huimarisha ukuta wa ngozi. Asidi ya azelaiki hupatikana kiasili kwenye nafaka kama ngano na shayiri. Hupunguza utengenezaji wa rangi, na wakati huo huo huua bakteria wa chunusi. Yaani chunusi na doa lake, vyote mkononi mwa mtu mmoja.

Uzuri wake ni kwamba hazigombani. Zinakaa usiku mmoja, asubuhi moja, hata dakika moja. Haziongezi ukali wa jua kwenye ngozi kama zifanyavyo asidi za kuchubua. Na azelaiki ni miongoni mwa chache ambazo madaktari huziruhusu kwa wajawazito, pamoja na niasinamidi. Mama mjamzito aliyetokwa na giza la mashavuni na juu ya mdomo, lile la melasma, hana pa kwenda ila hapa, na losheni ya jua. Hata hivyo amwonyeshe mkunga wake anachopaka.

Ubaya? Azelaiki huwasha kidogo siku za mwanzo, mwasho wa kutekenya kama umeguswa na upupu wa mbali, kisha huzoeleka. Nyingine hubaki na vijivumbi ukisugua, kama mabaki ya kifutio. Na ni ya polepole. Mteja akirudi wiki ya tatu kulalamika haoni kitu, huwa namwambia ana haki, maana wiki ya tatu hakuna kitu cha kuona.

Niasinamidi asilimia 4 au 5 inatosha. Chupa za 10 zimejaa sokoni kwa sababu namba kubwa inauza, na ndizo watu wanazorudisha kwangu wakisema uso umewapasha moto.

Kuna uvumi kwamba niasinamidi na vitamini C hazipatani kabisa. Hofu hiyo ilitoka kwenye majaribio ya zamani ya maabara, kwa joto kali ambalo uso wa mtu haulifiki hata akae jikoni kwa mama lishe. Ukitaka kuzipaka zote, paka. Vitamini C kwanza, subiri ikauke, niasinamidi baadaye.

Mpangilio wa tatu: asidi ya salisiliki, na benzoili peroksaidi pembeni

Huu ni wa wenye mafuta na chunusi zinazoendelea, hasa vijana. Salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya kinyweleo na kusafisha pale panapoziba. Kwenye chupa utaiona imeandikwa BHA, kwa kawaida asilimia 0.5 hadi 2. Glaikoliki na laktiki ni AHA. Hizo huyeyuka kwenye maji na hufanya kazi juu ya ngozi. Kwa hewa yetu ya pwani, jasho na chumvi, mimi namchagulia mtu salisiliki kabla ya glaikoliki. Na mwenye ngozi nyepesi akitaka AHA kwa lazima, laktiki ni mpole kuliko glaikoliki, ambayo chembe zake ni ndogo na hupenya haraka.

Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi vizuri kuliko karibu chochote cha dukani, na bakteria hawaizoei. Chukua asilimia 2.5. Ile ya 10 haikuongezei uponyaji wa maana, inakuongezea ukavu. Pia inachujisha nguo. Kijana wa jirani aliilalia bila kujua, foronya ya buluu ya mama yake ikatoka na ramani ya Afrika. Mwenye ushungi mweusi atumie ile ya kuosha: apake, asubiri dakika mbili tatu, asuuze.

Sasa kugombana. Benzoili ikikutana na tretinoini inaiharibu; usizipake wakati mmoja. Lakini adapalini inakaa nayo vizuri, hata zipo dawa zilizochanganya hizo mbili kiwandani katika kijibomba kimoja. Salisiliki na retinoli usiku mmoja ni kujitafutia makuu, zipe siku tofauti. Salisiliki na niasinamidi, hewala.

Ubaya wa mpangilio huu ni utamu wake. Mafuta yanapungua siku ya kwanza, mtu anafurahi, anapaka asubuhi na jioni, anasugua na kitambaa, na wiki ya pili uso ni mkavu juu na unatoa mafuta chini. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa wengi.

Losheni ya jua na udhu

Hili nilidhani nitalipitia haraka, lakini ndipo mipangilio yote mitatu inaposimama au kuanguka. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Jua letu saa sita mchana ni kali mwaka mzima, mawingu yawepo yasiwepo. Losheni ya SPF 30, yaani kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, mradi upake ya kutosha: mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi wanapaka robo ya hapo. Kijibomba cha mililita 50 ukikipaka inavyotakiwa mara mbili kwa siku hakivuki mwezi. Kikivuka, ujue unajidanganya.

Kwa madoa na melasma chagua yenye rangi, ile ya kahawia kahawia. Rangi ile ni oksaidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi nao huamsha madoa. Zile nyeupe za zinki ni nzuri lakini zinamwacha mtu kama katoka kupaka chokaa. Hapo Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hao kwao losheni ya jua ni uhai, sisi wengine tunaibishia kwa sababu ya kunata.

Maelekezo ya kwenye vifurushi husema upake tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Hayakuandikwa na mtu anayetawadha mara tano. Mpangilio ninaoutumia mimi, na ninaowapa wateja wangu wanaoswali, ni huu: baada ya Alfajiri unapaka cha asubuhi, na losheni ya jua kabla ya kutoka. Adhuhuri unatawadha, unajifuta kwa kugusa bila kusugua, unapaka losheni ya jua upya. Alasiri vile vile kama bado una safari ya nje. Sabuni ya uso iwe asubuhi na usiku tu. Udhu ni maji matupu. Vikali vya usiku subiri Isha ipite, maana hapo uso hauguswi tena na maji hadi Alfajiri. Ukiipaka retinoli baada ya Magharibi, Isha unaisafirisha yote kwenye beseni.

Kwa hiyo nani achukue nini

Nina mteja anauza samaki hapa Tanga, soko la Deep Sea. Anatoka alfajiri, jua linamkuta kwenye mizani, jioni anakaanga, moto na mafuta usoni. Aliutaka mpangilio wa kwanza kwa sababu wifi yake wa Chumbageni unamkubali. Wifi yake anafanya kazi kwenye kiyoyozi. Nilimkatalia. Nikampa niasinamidi, azelaiki ya usiku, losheni ya jua yenye rangi, na nikamwambia kofia pana ile ya mkeka inamfaa kuliko vyote hivyo. Retinoli kwake ingekuwa kumpa mtu koti la mvua lenye matundu.

Mwanafunzi wa sekondari mwenye chunusi: wa tatu, salisiliki siku mbili tatu kwa wiki, benzoili ya kuosha. Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu na zinaacha mashimo, asimalize miezi na mimi, aende kwa daktari wa ngozi. Mwenye mimba: wa pili. Mwenye miaka 40, kazi ya ndani, uso mtulivu: wa kwanza, na ndio ninaoutumia mimi sasa, retinoli usiku wa Jumatatu na Alhamisi, glaikoliki sina tena nyumbani. Asiyejijua: wa pili. Ukikosea hapo, utakuwa umekosea kwa bei nafuu.

Chochote uchaguacho, ingiza kimoja kimoja. Jaribu nyuma ya taya usiku tatu, kisha uso, kisha ngoja wiki mbili kabla ya kuongeza kingine. Ukiingiza vitatu siku moja na uso ukawaka, utamshtaki nani?

Vya nyumbani navyo huulizwa. Liwa ya kusaga kwenye kijiwe siipingi, bibi yangu alikufa nayo usoni, lakini usiisugue wiki unayoanza retinoli. Ndimu naipinga kabisa. Muheza machungwa na ndimu ni bwerere, watu wanajikamulia uso kisha wanatoka nje. Ndimu ina uchachu mkali na ina vitu vinavyowaka vikipigwa na jua, na alama yake ni nyeusi ya kudumu miezi. Kachumbari inaihitaji zaidi.

Na mkorogo nao lazima niuguse. Kama unatumia krimu iliyokorogwa dukani au saluni, huijui ndani yake, hakuna mpangilio wowote hapa unaokuhusu kwa sasa. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini kuna wanaotia na steroidi kali juu yake. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ukiiacha ghafla uso unalipuka. Usijivike ushujaa wa kuacha peke yako usiku mmoja; nenda kwa daktari na kopo lako mkononi.

Yule binti wa chupa tano nilimwachia niasinamidi ya asubuhi na usiku, nikamuuzia losheni ya jua, na benzoili nikamwambia aitumie kwa kuosha kidevu tu. Retinoli na vitamini C alizirudisha kwenye mkoba, ya pili ikiwa imeshaanza manjano. Glaikoliki akaniachia nimwekee. "Nitaifuata dada, usimuuzie mtu." Ipo kwenye rafu ya juu, haijafunguliwa.